Kubadilisha Rwanda na mdomo wa mto: mchezo mzuri, hesabu yenye kasoro

Rafiki yangu moja, mwanahistoria, ametengeneza mchezo wa vita wa mezani: karte ya vyumba vya pembe sita, vipande vya karatasi, kete mbili. Tuliucheza siku ya posho mpaka usiku sana. Minataka kusema yenye niliona mule.

Swali lake liko la kweli. Mwaka 1916 Force Publique, chini ya Tombeur, iliingia Kigali mwezi wa tano, na tarehe 19 Septemba ikakamata Tabora. Lakini Brussels haikupigania Rwanda juu ya kuikaa. Ilitaka mdomo wa mto Kongo: ngambo ya kushoto, toka Noqui mpaka baharini, yenye ilikuwa Angola ya Wareno. Mpango ulikuwa hivi: Ubelgiji inaachia Waingereza nchi zenye iliteka, Waingereza wanapatia Wareno kipande cha kusini cha koloni ya Wajerumani, Wareno nao wanaachia Ubelgiji ile ngambo. Wareno wakakataa. Kwa mapatano ya Milner na Orts, Mei 1919, Ubelgiji ikabakia na Ruanda-Urundi. Mchezo unauliza: na kama Wareno wangeitika?

Sehemu ya ziwa Tanganyika ni nzuri sana. Bila kuondoa meli za Wajerumani, askari wako hawavuke kwenda Kigoma, na ndivyo ilikuwa.

Kasoro inaanza kwenye chakula. Kila kikosi kinatembea vyumba vitatu, basi. Mimi niko mtu wa kilimo, nilichukua kalamu. Mpagazi anabeba kilo 25, anakula karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudia siku 12, amekula mzigo karibu wote, askari hajapata kitu. Kwa hiyo jeshi linakula shamba la mwenye hapo. Kwa vita ile Wabelgiji walitumikisha wapagazi karibu 260.000, watu wenye wangekuwa wanalima maharagi na muhogo. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda njaa ya Rumanura ikaua watu toka 1916 mpaka 1918. Mule ndani ya mchezo hakuna hata kipande kimoja cha mpagazi!

Tena, ushindi unahesabiwa kwa vyumba: chumba kimoja, alama moja. Lakini mwaka 1927 kulikuwa na ubadilishano wa kweli: Ubelgiji ilipatia Wareno karibu kilometa mraba 3.500 upande wa Dilolo, kule Katanga, na yenyewe ikapata kama 3 tu karibu na Matadi, juu ya njia ya treni. Kwa mchezo wetu, huyo ni mjinga. Kwa Brussels ilikuwa biashara nzuri. (Watu wa Dilolo, sijui kama kuna mwenye aliwauliza, mchezo pia hauwaulize.)

Yenye iliniuma zaidi ni karatasi ya mwisho, yenye kuandikwa kwamba Rwanda ikienda kwa Waingereza, Kivu ya leo inakuwa na amani. Ni kweli, toka 1937 ni Wabelgiji wenyewe walipanga kuhamisha Wanyarwanda mpaka Masisi. Mpango ule pengine haungekuwako. Lakini mashamba makubwa ya Kivu yangetafuta mikono tu. Miaka ya 1920 Wanyarwanda walikuwa wanaenda kwa miguu kufanya kazi Uganda, kwa Waingereza, na mpaka haukuwazuia. Na mbele ya mkataba wa 1910 wenye kukata mpaka wa Kivu, wenye kusema Kinyarwanda walikuwa tayari wanaishi Bwisha. Kusogeza mstari kwa karte hakuondoe mtu kwenye shamba lake. Vijana wengi hapa kwetu wanataka mtu awaambie kwamba shida yetu ililetwa na saini moja, tena ya mgeni.

Nilimwambia hayo yote. Kwa wapagazi aliitika, anakata vipande vipya. Kwa Masisi tulibishana mpaka betri ya taa ikaisha, na hatujaelewana.