Kura Isiyo na Mwenyewe

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Itaka alirudi kutoka Tunduma na flashi iliyojaa filamu, akaja nayo ofisini kwa usharika siku ya Jumatatu, siku anayojua kwamba sina watu wengi. Ndani yake mlikuwa na Survivor, mashindano ya televisheni ya Kimarekani, awamu ile iliyopigwa picha Kenya mwaka 2001. "Baba Mchungaji," alisema, "wenzangu wanabishana. Wengine wanasema mchezo huu ni wa kishetani kwa sababu anayedanganya vizuri ndiye anayeshinda. Wewe utazame, halafu utuambie." Nilikaribia kumjibu pale pale, maana sisi wachungaji tuna majibu ya haraka kwa vitu tusivyovitazama. Nikajizuia. Tukatazama jioni kadhaa kwenye kompyuta ya ofisi, umeme ulipokuwapo, yeye akisimamisha picha kila nilipotaka kumfafanulia Kiingereza chao cha mbio.

Makala hii ni jibu langu kwake. Limekuwa refu kuliko alivyotaka, na limenigusa mahali nisipopanga kuguswa.

Kwa asiyeujua mchezo, utaratibu wa awamu ile ulikuwa huu. Watu 16 wasiojuana wanapelekwa nyikani kwa siku 39, wakiwa na chakula kidogo na maji ya shida, wakiwa wamegawanywa makundi mawili. Makundi yanashindana. Linaloshindwa linakwenda barazani usiku, na kila mmoja anaandika kwa siri jina la mwenzake. Mwenye majina mengi anazimiwa mwenge wake na kuondoka. Watu wakipungua, makundi yanaunganishwa kuwa moja. Mwisho wanabaki wawili, na saba kati ya waliotolewa ndio wanaochagua nani achukue dola milioni 1. Kwa hiyo mchezaji ana kazi mbili zinazopingana: awatoe wenzake, na wenzake hao hao waje wampende kiasi cha kumpa fedha. Vijana wetu wanaijua sehemu ya kwanza kutokana na Big Brother Africa, ambayo Watanzania wawili waliwahi kushinda, Richard mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014. Lakini kule watazamaji nao walipiga kura. Huku wanaohukumu ni wale uliowaumiza.

Picha zilipigwa katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Ni nchi kavu, na wachezaji waliishi ndani ya boma la miiba wakikesha zamu kwa zamu kwa hofu ya simba. Kundi moja liliitwa Boran, la pili Samburu. Hapo nina ugomvi kidogo na waandaaji. Hayo ni majina ya watu wanaoishi katika eneo lile, na yalichukuliwa kama mtu anavyochukua picha ya ukutani. Waborana wana utaratibu wao wa zamani uitwao buusaa gonofaa: aliyepoteza mifugo kwa ukame au maradhi, ukoo unamchangia ng'ombe aanze upya. Sisemi kwamba wafugaji wa kule ni malaika. Wameibiana mifugo na kuuana kwa ajili yake. Ila wenyeji wa ukame wanajua kwamba mtu mmoja akianguka, siku yako nayo inakuja. Wageni walikaa siku 39 chini ya jina la Boran wakihesabu nani aanguke kwanza. Na makundi yalipounganishwa, jina la kundi jipya likawa Moto Maji. Kijana wangu alicheka mpaka akaacha kiti. Sijui kama aliyelichagua alijua jinsi linavyosikika kwa mwenye lugha, lakini alipatia.

Juu ya miungano na mageuzi ya ghafla nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo mashabiki wanayoyapenda. Kundi la Samburu lilipasuka mapema, vijana wanne upande mmoja na watu wazima wanne upande wa pili. Vijana wakawashinda watu wazima kwa taabu, wakamtoa mmoja, wakamtoa wa pili, na kiongozi wao Silas akajiona amemaliza kazi. Ndipo waandaaji wakafanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika awamu mbili za kwanza: wakachukua watatu kutoka kila kundi na kuwabadilishana. Silas akajikuta katika kundi la Boran, amezungukwa na watu asiowajua, pamoja na wazee wawili aliokuwa amewatenda vibaya. Watu wa Boran wakashindwa shindano kwa makusudi ili wapate nafasi ya kumtoa, na wale wazee wawili wakaungana nao. Mchezo huo haukunishangaza. Nimekaa katika vikao vya kanisa ambavyo kambi iliyolala na watu wengi iliamka haina hata mmoja.

Kilichonikamata ni jambo dogo linalotokea baadaye, ambalo mtazamaji mwenye haraka anaweza kulipita.

Kuna mtu anaitwa Lex. Ana michoro mwilini, ana sauti ya kiongozi, anachapa kazi, na watu wanamwamini. Baada ya makundi kuunganishwa, barazani anatoka Clarence, kama Lex na wenzake walivyopanga. Lakini kura zinaposomwa, jina la Lex nalo linatokea. Kwa akili ya kawaida ni jambo lisilo na uzito: yeye amebaki, mpango umetimia, na mchezo wenyewe ni wa kuandika majina. Lex hawezi kulala. Anamwendea huyu, anamwendea yule: ni wewe? Basi ni nani? Anapima nyuso. Mwisho anaamua kwamba ni Kelly, mwanamke wa kambi yake mwenyewe. Hana ushahidi ila mwonekano wake na hisia zake mwenyewe.

Kelly hakuandika jina lile. Mtazamaji anaonyeshwa aliyeliandika: ni Teresa, mmoja wa wazee wale wawili. Lakini Kelly akishajua kwamba anawindwa, anafanya ambalo yeyote angefanya. Anakwenda upande wa pili kutafuta wa kumsaidia kumtoa Lex. Yaani shutuma ikamzaa adui ambaye hakuwapo. Kijana wa upande wa pili, Brandon, akawageuka wenzake na kupiga kura pamoja na akina Lex, na Kelly akaondoka. Lex akapata thibitisho lake: si mnaona, alikuwa ananipinga!

Hapo niliomba picha isimamishwe, nikatoka nje kidogo.

Chuoni tulifundishwa kuzisoma Injili tatu za kwanza bega kwa bega, safu kwa safu, na mwalimu wetu alipenda kutusimamisha kwenye meza ya Alhamisi ile. Yesu anasema kwamba mmoja wao atamsaliti. Katika Mathayo na Marko, wanafunzi wanahuzunika, na kila mmoja anauliza juu ya nafsi yake, kama ni yeye. Katika Luka wanaulizana wao kwa wao ni nani kati yao. Tofauti ni ndogo sana katika maandishi, lakini tazama kinachofuata katika Luka: mstari unaofuata, wanabishana nani aliye mkubwa. Nilipokuwa mwanafunzi niliona ni ajabu kwamba ugomvi wa ukubwa unatokea pale, kana kwamba mwandishi amekosea mpangilio. Baada ya kumtazama Lex sioni tena kosa. Anayewinda msaliti tayari amejiweka upande wa wasafi, na kutoka hapo kwenda kwenye kiti kikubwa ni hatua moja.

Jambo jingine tunalolipita haraka ni kwamba mwenye meza alijua, na hata hivyo hakumtaja Yuda mbele ya wote ili wamshughulikie. Petro angemshughulikia; upanga ulikuwapo.

Luther, katika Katekisimo Ndogo, anapoieleza amri ya nane haishii kwenye kukataza kumsingizia jirani. Anataka tumtetee, tumseme vizuri, na yote anayoyafanya tuyapokee kwa maana iliyo njema. Watoto wetu wa kipaimara wanalikariri jambo hili. Ninawasikiliza na kuwasahihisha wakikosea neno.

Nikirudi kwa swali la kijana: mchezo huu si wa kishetani, na simkatazi kuutazama. Uongo wa mchezoni umekubaliwa na wote kabla ya kuanza, kama chenga ya mpira, na kumwita mpiga chenga mwongo ni kukosa kuelewa mpira. Hata wema umo. Mama mtu mzima aitwaye Kim Johnson alishinda shindano la mwisho, akawa na uwezo wa kuchagua nani akae naye mbele ya wahukumu. Akamtoa Lex na kubaki na Ethan, aliyependwa na wengi, naye akashindwa kwa kura 5 kwa 2. Wachambuzi wanaweza kusema alikosea hesabu. Mimi nilimpenda kwa kosa hilo. Ethan, mlinda lango wa zamani aliyewahi kucheza mpira Zimbabwe, akatumia sehemu ya fedha zake kuanzisha na wenzake Grassroot Soccer, shirika linalowafundisha vijana wa Afrika kuhusu Ukimwi kwa njia ya mpira.

Ninalolipinga ni ule usemi unaorudiwa kila mara, kwamba "ni mchezo tu". Mashindano haya yalianzia Uswidi mwaka 1997, nchi iliyotuletea wamisionari wengi wa Kilutheri, na mtu wa kwanza kupigiwa kura ya kuondoka alijiua baada ya kurudi nyumbani, kabla kipindi hakijaonyeshwa. Siwezi kusema kura ndiyo iliyomuua. Moyo wa mtu ni msitu. Lakini jina lako likiandikwa na wenzako uliolala nao boma moja, unaondoka nalo.

Najua hivyo kwa sababu nimewahi kuwa Lex.

Ilikuwa katika usharika mwingine niliotumikia, miaka mingi kidogo. Nilipeleka kwenye Baraza la Wazee pendekezo la kujenga nyumba ya mchungaji kabla ya kuezeka kanisa la mtaa mmoja wa mbali. Nilitaka kura ya siri, nikijigamba kwamba sina la kuficha. Zikatoka kumi na moja za ndiyo na moja ya hapana. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu na kwenda kulala. Mimi nilitembea na ile karatasi moja kichwani kwa wiki nzima. Nilitazama mwandiko. Nilikumbuka nani alikohoa nilipokuwa nikieleza. Nikaamua kwamba ni mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, mkulima wa kahawa, mhazini wa miaka mingi, kwa sababu siku ile alitoka bila kunishika mkono. Sikumwuliza kitu. Kamati zilipopangwa upya, jina lake halikuwamo, na mimi ndiye niliyezipanga. Akaanza kukaa benchi la nyuma. Mwaka uliofuata alikuwa akipinga karibu kila jambo nililolileta, na nikawaambia wenzangu: si mnaona?

Nilikuja kuujua ukweli kwenye msiba, nikiwa nimeshahamishwa. Mama mmoja aliyekuwa mjumbe wa Baraza lile, ambaye alikuwa akituletea maziwa nyumbani, alinivuta kando wakati wanaume wakichimba kaburi. Alisema kura ile ilikuwa yake. Mtaa ule wa mbali ndiko alikozaliwa, na mama yake alikuwa akisali chini ya turubai. "Ungeuliza ningekuambia, Baba Mchungaji," alisema. "Hukuuliza mtu."

Nilimaliza kutazama na kijana wa kwaya siku ya Alhamisi. Jumamosi yake nilipanda basi kwenda kwa yule mzee. Nilimkuta uani akichambua kahawa juu ya turubai, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilieleza yote, na kuhusu ile karatasi, na kuhusu kamati. Hakuinua macho kutoka kwenye kahawa.

"Mimi niliandika ndiyo," alisema. "Nilitoka haraka kwa sababu mke wangu alikuwa anaumwa."

Kisha akauliza kama lile kanisa la mtaani liliwahi kuezekwa, nikamwambia bado.