Tembo Asiyekanyaga

Kuna video ya kambi moja ya watalii inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Karatu tangu masika yaishe. Tembo anatoka msituni, anapita mbele ya mahema, anageuka kuwa nembo ya kambi. Sifa zimemiminika. "Kazi ya kimataifa." "Kijana wetu ametuheshimisha." Nimeitazama mpaka simu ikapata moto, na tembo yule hajakanyaga chini hata mara moja. Miguu inakwenda mbele na nyuma, ardhi nayo inakwenda zake, na baina yao hakuna makubaliano yoyote. Nyuma yake, sakafu ya kreta ya Ngorongoro imejaa twiga.

Twiga, ndani ya kreta! Mtoto yeyote wa kijiji cha Rhotia ambaye baba yake anaendesha Land Cruiser anajua kwamba twiga wako juu, upande wa kuelekea Olduvai na Ndutu, na ukuta wa kreta wa mita 600 hawauteremki. Hilo tuliache. Ni kosa la mtu asiyeuliza, na kuuliza kunafundishika kwa asubuhi moja. Mguu haufundishiki kwa asubuhi moja.

Anayetaka kupima kazi ya mosheni, yaani michoro inayotembea, aanzie chini. Wengi huanzia juu: machweo, vumbi linalong'aa, herufi zinazomeremeta, kamera inayopaa juu ya msitu wa Lerai. Vyote hivyo vinauzwa mtandaoni vikiwa vimeshafungashwa. Kisichouzwa ni uzito, na uzito unaonekana pale tu unyayo unapokutana na ardhi. Funika nusu ya juu ya skrini kwa kiganja. Chagua unyayo mmoja, na mara unapotua, weka ncha ya kidole juu yake. Kamera ikiwa imetulia, unyayo huo usitoke chini ya kidole mpaka mwili mzima umepita juu yake. Kamera ikitembea, chagua jiwe lililo pembeni ya unyayo, uone kama vinakwenda pamoja. Visipokwenda pamoja, hata kwa unywele mmoja, mguu unateleza, na kazi nzima imeteleza nao. Sijali mawingu yamerendiwa na kompyuta kwa siku ngapi.

Tembo ana utaratibu wake. Mguu wa nyuma wa kushoto, wa mbele wa kushoto, wa nyuma wa kulia, wa mbele wa kulia. Unyayo wa nyuma hutua karibu kabisa na pale wa mbele ulipotoka, mara nyingi juu yake. Ndiyo maana wanaofuata nyayo husoma alama mbili zilizolaliana, ya mbele ya mviringo, ya nyuma ndefu kidogo. Hata akikimbia, hanyanyui miguu yote minne kwa pamoja. Na mguu wenyewe si kwato: chini ya mifupa kuna mto wa mafuta, unaotanuka uzito ukiingia na kunywea mguu ukinyanyuliwa. Fundi wa kweli huweka kutanuka huko. Ni michoro miwili tu, hakuna mtazamaji atakayeitaja, lakini kila mtazamaji ataamini kwamba mnyama yule ana tani zake. Akitembea bila haraka, mzunguko wake mzima uchukue fremu 40 hadi 50. Chini ya hapo umechora tembo aliyechelewa basi la Arusha.

Twiga humwaibisha mchoraji haraka zaidi, kwa sababu miguu yake ya upande mmoja huenda karibu pamoja, na shingo husonga mbele na kurudi kwa kila hatua. Wengi humpa mwendo wa farasi na shingo isiyotikisika, kisha wakaongeza muziki wa ngoma.

Mpimaji bora niliyewahi kumwona ni mzee mmoja wa hapa Karatu, mwongoza watalii mstaafu, ambaye hajawahi kufungua programu yoyote ya kuchora. Kijana mmoja alimpelekea kompyuta. "Shikamoo, mzee. Naomba umtazame huyu." Mzee akaitikia, akatazama mzunguko ukijirudia na kujirudia, kisha akauliza, "Ameumia wapi?" Kijana akajibu kwamba hajaumia, anatembea tu. "Basi kwa nini anauonea huruma mguu wa mbele wa kulia?" Tukafungua grafu ya mwendo. Mguu ule ulikuwa umepungukiwa fremu mbili za kukaa chini.

Kwa mwendo wa binadamu, sisi wa huku ndio hatuna kisingizio kabisa. Laetoli iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua pale nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Zimefukiwa tena ili zisiharibike, lakini nakala zake ziko katika makumbusho ya Olduvai. Simama mbele ya nakala hizo na daftari. Kisigino kimezama kwanza, uzito umepita, kidole gumba kimesukuma mwisho. Hatua yote imeandikwa chini, bila kompyuta. Mchora katuni Richard Williams alitoa kitabu chake maarufu cha mafundisho mwaka 2001 na akatumia sehemu kubwa kuelezea kutembea tu. Kisome, ni kizuri. Picha za mpiga picha Eadweard Muybridge zilizochapishwa mwaka 1887, zenye tembo na wanyama wengine hatua kwa hatua, nazo zipo bure mtandaoni. Lakini kijana wa Karatu anayejifunza kutembea kwa kutazama mafunzo ya YouTube ya mtu wa California, ilhali hajawahi kufika Olduvai, mimi simwelewi.

Matapeli wanajua fika kwamba mguu unawasaliti, kwa hiyo wameuficha. Wapo wanaopanda majani: nimeona matangazo ambamo sakafu ya kreta, ambayo nyasi zake nyumbu na pundamilia wamezila zikabaki fupi, ina nyasi za kumfika tembo tumboni. Wapo wa vumbi. Wapo wanaokata picha magotini na kuiita "sinema". Na wapo wezi kabisa. Mmoja, kule Arusha, alimwonyesha mama mwenye loji rili, yaani mkusanyo wa kazi zake, yenye faru mzuri mno. Mama yule mjanja akasema, "Nimempenda, mwanangu. Nigeuzie atazame kushoto." Jamaa akaomba wiki nzima. Alichorudisha ni faru yule yule amepinduliwa, na alama iliyokatwa kwenye sikio, ambayo madereva wa kreta humtambulia faru, imehamia sikio la pili. Madereva walicheka mpaka machozi. Aliyemchora faru yule kwa mara ya kwanza alikuwa fundi. Aliyemleta hakujua hata ameiba nini.

Kanuni nyingine nazitaja tu. Mnyama aende kwa mbili, yaani mchoro mmoja kwa kila fremu mbili; kamera ikimfuata, aende kwa moja, la sivyo atatetemeka juu ya ardhi. Maandishi yasizunguke. Nembo isidunde inapotua, itulie. Kivuli kisiwe cheusi tupu. Machweo ya rangi ya chungwa nyuma ya mgunga ni marufuku, na sitaki mjadala. Mstari wa safari kwenye ramani upite Makuyuni na Mto wa Mbu, usikatize juu ya Ziwa Manyara, na ukifika kwenye ukuta wa Bonde la Ufa upunguze mwendo, maana gari hupunguza. Nimeona mstari mmoja tu uliofanya hivyo maishani mwangu, na aliyeuchora angestahili kupewa kazi zote za wilaya hii.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka wanyama wake kwa rangi ya baiskeli kwenye hadibodi, bila kivuli, na bado chui wake wanaegemea ardhi. Mwaka 2010, mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales uliotengenezwa Nairobi uliichukua sanaa hiyo bapa ukaipa mwendo, na wanyama wakabaki na uzito wao. Mwaka 2014 katuni ya Ubongo Kids ilipoanza kuonekana TBC, ikadhihirika kwamba wahusika wa vipande, walioungwa kwa rigi rahisi, wanaweza kumfundisha mtoto hesabu bila vumbi wala machweo. Tuliokesha tukisubiri kompyuta irendi sekunde kumi tulifikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi kinachofikiri ni templeti.

Kuhusu vifaa sina mengi. Blender ni bure, inatosha kwa mwanzo, na watu wanaishi kwayo. After Effects ipo tangu 1993 na bado inatawala matangazo, lakini ada yake ya kila mwezi ni mzigo kwa asiye na mteja. Fedha ya kwanza iende kwenye memori na kwenye UPS, kwa sababu umeme wa huku haukuulizi umehifadhi saa ngapi. Programu za simu ni za harusi.

Kazi ipo. Aprili na Mei, wageni wakipungua, wenye loji hukaa ofisini na kukumbuka kwamba video yao imechakaa. Ndipo pa kubisha hodi. Peleka rili fupi, isizidi dakika moja, na mwanzoni kabisa uweke mnyama mmoja anayetembea kwenye mandhari nyeupe, bila muziki, bila majani. Anayejua atakuita. Asiyejua atakuuliza machweo yako wapi, na huyo atakusumbua hata kwenye malipo. Chukua nusu ya fedha kabla hujafungua faili.

Nanyi wenye loji na kampuni za safari, kabla ya kutoa salio, mwambieni fundi afungue faili la kazi mbele yenu, azime leya za nyasi na vumbi, abakize mnyama na ardhi. Mwiteni dereva wenu mmoja atazame. Dereva akisema mnyama anateleza, rudisheni kazi.