Hulipwa kwa Mita, Hupimwa kwa Lita

Mchimbaji wa visima virefu hulipwa kwa mita. Aliyemwajiri hatakunywa mita hata moja. Atakunywa lita, na atazihitaji miaka mingi baada ya lori la mashine kuondoka. Ufundi ninaotaka kuusifu unakaa katikati ya vipimo hivyo viwili, na huku kati ya Ruiru, Juja na Thika unaonekana wazi kwa yeyote anayekubali kusimama kando ya mashine kwa siku nzima bila haraka.

Sababu ya mashine hizo kuwa nyingi haijifichi. Ruiru ulikuwa mji wa kahawa; kituo cha utafiti cha hapo ndicho kilichotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Sehemu kubwa ya mashamba hayo imekatwa ploti na kuota magorofa. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi wasiofika 240,000 katika mji wa Ruiru. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Mabomba ya kampuni za maji hayakuweza kwenda kwa mwendo huo. Nalo bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika, lililokamilika 1994 na lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, lilijengwa kwa ajili ya Nairobi. Basi mwenye nyumba za kupangisha, shule, kanisa na kiwanda, kila mmoja akichoka kununua maji ya boza, huangalia chini.

Kabla ya mashine huja karatasi: ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ruhusa ya mamlaka ya mazingira. Mtaalamu hupiga vyuma ardhini, hupitisha umeme na kupima jinsi udongo na miamba inavyouzuia. Mwamba mkavu na mzima huupinga sana. Uliopasuka na kulowa huupitisha. Kipimo hicho kinasaidia, lakini hakioni maji. Kinaona uwezekano, na baada ya hapo kazi inamwangukia fundi.

Ardhi anayoikabili si rahisi. Juu kuna udongo mwekundu upande wa kahawa, na udongo mweusi unaonata upande wa chini kuelekea mashariki. Chini yake yamelala majivu ya volkano yaliyoganda, yale yale yanayokatwa Juja na kuuzwa kama mawe ya Ndarugu. Kisha hufuata mitiririko ya lava, mmoja juu ya mwingine. Ukitazama maporomoko ya Chania na ya Thika pale Blue Posts, unaona mito ikishuka juu ya miamba hiyo ya volkano, na unaelewa kwa nini biti ya chuma huchakaa. Lakini lava nzima haina maji. Maji yanakaa baina ya mtiririko na mtiririko, pale ambapo zamani palikuwa uso wa nchi: mchanga wa vijito, matope ya maziwa, mwamba uliooza kwa mvua kabla haujafunikwa na moto mwingine. Mvua inayonyesha kwenye miinuko ya magharibi huzama, ikateremka polepole kuelekea mashariki katika matabaka hayo. Fundi hutafuta nyuso hizo za nchi zilizozikwa, na hana jicho la kuzionea. Ana sikio, ana saa, na ana kiganja.

Nyundo hufanya kazi chini kabisa, mwisho wa msururu wa vyuma, ikisukumwa na hewa ya kompresa. Hewa hiyo hiyo hurudi juu ikibeba vipande vya mwamba. Kwenye lava ngumu mlio ni mkali na wa sare, vumbi ni la kijivu, na chuma kimoja huchukua muda mrefu kuzama. Nyundo ikiingia tabaka laini, mlio hufifia, mashine hutikisika kwa namna nyingine, na chuma hushuka ghafla. Fundi mzuri huandika dakika za kila chuma. Msaidizi wake hukinga vipande kila baada ya mita chache, akavimwaga chini kwa safu kufuata kina. Ukipita kando ya safu hiyo unaona kijivu, kisha kahawia, kisha wekundu kama kigae kilichovunjika, na huo wekundu ndio unaomfanya fundi ainame. Ni udongo wa kale uliochomwa na lava iliyoupita juu. Hapo pana uso wa nchi.

Maji ya kwanza yanapotokea, kelele hupanda kwenye ploti. Vumbi hugeuka tope, povu hutoka, majirani hukusanyika, mwenye kiwanja hupiga simu. Fundi hushangilia kidogo tu. Anajua kwamba maji ya juu yanaweza kuwa ya msimu, na katika mji wenye mashimo ya vyoo kila ploti yanaweza kuwa machafu pia. Huyaandika kina chake, akakadiria wingi wake, akaendelea. Nimeuheshimu uvumilivu huo kuliko nguvu zote za mashine, kwa kuwa wakati huo watu wote waliosimama pale wangefurahi aache.

Kuna wakati mgumu zaidi. Tuseme bei waliyopatana ni shilingi 8,000 kwa mita, na shimo limefika mita 200. Hizo ni shilingi 1,600,000 tayari ardhini. Maji yanayotoka hayatoshi. Mita 50 zaidi ni shilingi 400,000 nyingine, na huenda zikafungua tabaka bora, au zikaishia kwenye lava kavu. Anayelipwa kwa mita ana kila sababu ya kusema tuendelee. Aliyechoka, au mwenye kazi nyingine inayomsubiri Kenyatta Road, ana kila sababu ya kusema inatosha. Fundi wa kweli hurudi kwenye safu ya vipande, akalinganisha na visima alivyowahi kuchimba jirani, akamwambia mteja anachokiona na asichokiona. Mara nyingine jibu lake humpotezea pesa.

Wenzake wa mafuta wanaijua hesabu hiyo kwa tarakimu kubwa zaidi. Kule Texas, mafuta yaliyofungwa ndani ya miamba ya matope yaliyogandamana hutolewa kwa kuchimba wima kilomita kadhaa, kisha kulaza shimo na kuupasua mwamba kwa shinikizo la maji na mchanga. Kisima cha aina hiyo hutoa mafuta mengi mwanzoni, halafu hushuka upesi, kwa kawaida zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza, na mwenye hisa aliyehesabu kwa kutazama miezi ya mwanzo hulia. Hapa kwetu mafuta yalipatikana Lokichar, Turkana, katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012. Shehena ya kwanza ya majaribio iliondoka Mombasa Agosti 2019, baada ya malori kuyateremsha mafuta hayo hadi pwani. Yana nta nyingi na huganda yasipopashwa joto. Tangu kisima hicho, kazi kubwa imekuwa kujua pipa moja litagharimu kiasi gani kufika baharini. Fundi wa Ruiru hujiuliza hilo hilo jioni, akiwa mita ya 220, na hana bodi ya wakurugenzi ya kumsaidia.

Shimo likiisha kuchimbwa, wengi huona kazi imekwisha. Ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda. Mabomba ya inchi 6 hushushwa kwa mpangilio: yasiyo na matundu mbele ya tabaka kavu, yenye nyufa nyembamba mbele ya tabaka la maji. Ukikosea mpangilio huo, umeziba ulichokigharamia. Nafasi kati ya bomba na ukuta wa shimo hujazwa kokoto ndogo, zilizooshwa na za ukubwa mmoja, zimwagwe kidogo kidogo zisije zikakwama njiani na kuacha pengo. Juu kabisa huja saruji ya kuzuia maji machafu yasitiririke kando ya bomba. Kisha hewa husukumwa chini kwa saa nyingi, maji yakitoka kahawia, yakawa ya maziwa, yakawa safi. Wasio na subira huondoka yakiwa ya maziwa. Kisima hicho kitameza mchanga na kuua pampu.

Halafu majaribio. Pampu hushushwa, ikafanyishwa kazi saa 24 mfululizo kwa kiwango kimoja, na mtu hukaa na kipimo cha utepe akisoma jinsi maji yanavyoshuka, kwanza kila dakika, baadaye kwa nafasi ndefu zaidi, usiku kucha. Pampu ikizimwa, husoma tena yanavyopanda. Kutokana na namba hizo fundi huamua pampu ya kudumu itoe kiasi gani, na kwa kawaida huruhusu karibu theluthi mbili tu ya kile kisima kilichoonyesha. Kisima cha mita 3 za ujazo kwa saa, kikipigwa saa 10 kwa siku, hutoa lita 30,000, ambazo ni mitungi 1,500 ya lita 20. Ni maji mengi. Lakini kila mita ya ujazo ikiinuliwa kutoka kina cha mita 150 kwa pampu yenye ufanisi wa nusu, hula takriban yuniti 0.8 za umeme. Mtu aliyekesha akisoma utepe amekwisha kujua bili yako ya umeme kabla hujafunga mita.

Sampuli ya maji huenda maabara pia, na jambo la kuangaliwa kwanza katika miamba yetu ya volkano ni floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kinachozidi hapo huharibu meno ya watoto wanaokua wakiyanywa. Na tusisahau kwamba kiwango cha maji chini ya Nairobi na viunga vyake kimekuwa kikishuka kwa miongo. Kila kisima kipya kinakunywa katika tabaka lile lile la jirani, na fundi mwaminifu humwambia hivyo mteja asiyetaka kusikia.

Kwa hiyo, ewe unayepanga kuchimba Ruiru au Thika, usimchague fundi kwa bei ya mita peke yake. Muulize atasafisha shimo kwa saa ngapi, na kokoto zake zinatoka wapi. Lipia saa zote 24 za majaribio hata kama jirani aliruka hatua hiyo. Na kabla lori halijatoka langoni, hakikisha daftari la miamba, dakika za kila chuma na namba za majaribio ziko mikononi mwako, kwa sababu fundi atakayekuja kutengeneza kisima hicho baadaye atahitaji kuzisoma.