Masikini ni neno la nani?

Katika insha tunazoandika humu kuna neno moja linalochoka kuliko mengine yote: masikini. Naona linafanya kazi ambayo ilikuwa ya mwandishi, ndo maana nataka tulitazame vizuri.

Lenyewe ni la Kiarabu, miskin. Kwetu lilipitia pwani, likapanda na wafanyabiashara mpaka Ujiji na ufuko huu wa Tanganyika. Hapa Buyenzi mtoto analijua kabla ya shule. Upande mwingine liliingia Hispania wakati wa utawala wa Waislamu. Wahispania wakasema mezquino, Wareno mesquinho, Wagalisia mesquiño, na Wafaransa, kupitia Kiitalia, mesquin. Zamani huko nako lilihusu mnyonge asiye na kitu. Leo ni mtu mchoyo, mwenye roho ndogo. Yaani aliyekosa mali kaishia kuambiwa kakosa moyo.

Kwetu sie halijafika huko, lakini lina mtego wake. “Mtu masikini” hana pesa. “Masikini, mtu yule!” anahurumiwa tu, hata awe na nyumba tatu Rohero. Kifaransa nacho ni hivyo hivyo: un homme pauvre na un pauvre homme si mtu mmoja.

Udhaifu wa insha zetu ni kuanza na la kwanza na kumaliza na la pili bila kujua. Mwandishi anasema mama hana kodi ya nyumba; mistari mitatu mbele, mama kawa “masikini mama yule”, na hatujui tena kodi ni kiasi gani, mwenye nyumba alisema nini, mama alimjibu vipi. Huruma imefunga mlango.

Aliyezoea kuhojiwa ofisini anajua chanzo chake: huko tunadhani huruma ndiyo inayosogeza faili. Lakini msomaji wetu si afisa. Naye kapanga chumba, naye anajua bei ya ndagala.

Basi neno hili tuliache kwenye vinywa vya watu tunaowaandika, maana huko lina uhai. Kwenye sauti yako mwenyewe, litoe, halafu uone sentensi inadai nini. Mara nyingi itadai hesabu ya faranga, jina la mtaa, au lile jibu la mama. Na hayo, ndugu yangu, hakuna mwingine wa kuyaandika ila wewe uliyekuwepo.