Sifa kwa Anayehamisha Bahari

Ukisimama mbele ya tangi la samaki wa maji chumvi, macho yatawafuata samaki, kisha matumbawe. Mchanga utautazama mwisho, ukiutazama. Umelala kule chini kama pono, na wala haushughulishi mtu. Lakini fundi aliyeitwa kulihamishia tangi hilo nyumba nyingine huanza na mchanga. Hupiga magoti, husogeza uso karibu na kioo, na kuukagua tabaka kwa tabaka. Anajua kwamba humo ndimo ilimo kazi kubwa ya tangi, na humo ndimo ilimo hatari kubwa ya safari.

Fundi huyo nataka kumsifu. Kazi yake ikienda vyema haiachi alama yoyote: kesho yake samaki wanakula kama kawaida, na wenye nyumba hawajui walichonusurika.

Mchanga wa kina, yaani sentimita 10 hadi 15 za chembe laini za chokaa, haulali hata saa moja. Tabaka la juu lina oksijeni, na bakteria wake huibadili amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitrati. Chini zaidi oksijeni inakwisha. Huko bakteria wengine huivunja nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda na kupotelea hewani. Mwanabiolojia Jean Jaubert huko Monaco, na baadaye mwenzake Ron Shimek wa Marekani, waliwashawishi wafugaji wengi wa samaki kwamba mchanga wenyewe unaweza kuwa chujio. Sharti lake ni moja: kila tabaka likae mahali pake.

Anayeishi pwani amekwisha kuiona kanuni hii bila tangi. Maji yakipwa, chimba tope la mikoko: juu ni kahawia, chini ni jeusi, na harufu ya mayai viza inakupanda puani. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi inayotengenezwa na bakteria wasiohitaji oksijeni. Mikokoni gesi hiyo ina bahari nzima ya kuizimua. Ndani ya tangi la lita 300 haina pa kwenda. Ukiuvuruga mchanga wa miaka mingi, gesi inatoka, oksijeni ya majini inaliwa, na viumbe wadogo waliofukiwa wanakufa na kuoza, wakiongeza amonia. Na kwa kuwa maji ya bahari yana ualkali kidogo, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki huwa kubwa kuliko katika maji baridi ya kawaida.

Basi kwa nini tangi lisibebwe lilivyo, mchanga ukiwa umetulia? Uzito unakataa. Tangi la sentimita 120 kwa 50, lenye mchanga wa sentimita 12, limebeba lita 72 za mchanga mbichi, nao unapita kilo 100. Gari likiruka tuta, mzigo huo unahama upande, kioo cha chini kinajipinda, na gundi ya pembeni inaachia. Hata lisipopasuka, mtikisiko wa njiani umekwisha kuyachanganya matabaka.

Maji hubebeka. Mwaka 1930 jumba la samaki la Shedd Aquarium huko Chicago, mji ulio mbali kabisa na bahari, lililetewa kwa treni karibu galoni milioni moja za maji ya bahari kutoka Key West, Florida. Mpangilio wa mchanga hauna treni ya kuubeba, na ujuzi wa fundi wetu unaanzia hapo.

Siku moja kabla, huchanganya maji mapya ya chumvi, gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na kuyaacha yazunguke na pampu. Siku yenyewe hunyonya maji safi ya juu kwa mpira na kuyatia kwenye mapipa. Hutoa matumbawe, kisha mawe, taratibu, moja moja. Samaki huwaacha hadi mwisho. Anayewakimbiza kwa wavu tangi likiwa limejaa huwaona wakijificha mawe­ni, na mchanga unatibuka. Maji yakibaki ya shubiri moja na mawe yakiwa yametoka, samaki hukamatwa kwa mkupuo mmoja, wakatiwa kwenye ndoo yenye pampu ya hewa ya betri. Baada ya hapo tu ndipo mchanga unapoguswa, na maji yaliyobaki juu yake humwagwa.

Huchota sentimita mbili tatu za juu na kuzinusa. Zikiwa safi, huzihifadhi kama mbegu, zikiwa zimefunikwa kwa maji chumvi. Mchanga wa chini huutupa, au huuosha mpaka maji yatoke meupe, naye huuhesabu kuwa mchanga mpya usio na uhai. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Mwenye tangi huomba mchanga wake wa miaka mingi uokolewe wote, kwa sababu ameupenda. Fundi humjibu kwa upole kwamba kuuokoa wote ni kuwahatarisha samaki.

Kwenye nyumba mpya, huweka pimamaji juu ya meza kabla ya kitu kingine. Mchanga mpya hutangulia, mawe hufuata, na maji humiminwa juu ya sahani ili yasichimbe shimo. Ile mbegu hutandazwa juu. Samaki hurudi joto na chumvi vikishalingana na vya kwenye ndoo. Kisha huacha maagizo: chakula kidogo, amonia ipimwe kila siku kwa wiki za mwanzo, maji ya kubadilisha yawe tayari. Matabaka ya chini yatachukua miezi kujijenga upya, na hakuna fedha inayoharakisha jambo hilo.

Kwa hiyo ukimtafuta wa kukuhamishia tangi, usianze kumuuliza ana gari kubwa kiasi gani. Muulize mchanga ataufanyaje. Akisema atauacha ndani ili kuokoa muda, mshukuru na kumuaga. Akikuuliza mchanga huo una miaka mingapi, una kina gani, na umewahi kutoa harufu, mkabidhi kazi.