Sinema za Kale na za Sasa

Wazee wetu husema kwamba sinema za siku zao zilikuwa bora kuliko za leo. Vijana nao hujibu kuwa picha za kale hazina rangi wala sauti, na tena zachosha. Naona pande zote mbili hupima kwa kipimo kibovu. Tutazame picha mbili zilizopishana kwa karibu miaka mia moja.

Ya kwanza ni The Kid, iliyotengenezwa na Charlie Chaplin huko Marekani mwaka wa 1921. Haina sauti ya maneno. Maskini mmoja aokota mtoto mchanga aliyeachwa, akamlea kama wake. Riziki yao ni ya hila: mtoto huvunja vioo vya madirisha kwa mawe, kisha baba hupita na vioo vipya mgongoni, akaitwa kutengeneza. Twacheka. Lakini wakuu wanapomtia mtoto garini wampeleke katika nyumba ya mayatima, baba akimbia juu ya mapaa kulifuata gari, na kicheko chatukauka. Aibu yake ni ndoto ya malaika karibu na mwisho, ambayo yakata hadithi bila faida.

Ya pili ni Supa Modo, ya Likarion Wainaina, iliyotoka hapa Kenya mwaka wa 2018. Jo, msichana wa miaka tisa, ana ugonjwa usiopona, naye hupenda sana sinema za mashujaa. Mama yake ataka apumzike nyumbani. Dada yake aona afadhali afurahi siku zilizobaki, akawashawishi wanakijiji wamsadikishe Jo kwamba yeye ni shujaa. Katika sinema nyingi za siku hizi mali nyingi hutumika kumrusha mtu angani. Hapa anayemwinua mtoto ni jirani.

Basi mbona za kale huonekana bora? Kwa sababu wakati ni ungo. Mwaka wa 1921 picha mbovu zilikuwa nyingi pia. Zimepepetwa na kusahauliwa, The Kid ikabaki. Za leo zingali unguni, punje na makapi pamoja, na kila jioni televisheni na simu hutumwagia zote.

Hata hivyo wazee hawakukosea kabisa. Mtengenezaji wa kale, kwa kuwa hakuwa na sauti, alilazimika kuonyesha. Michezo mingi ya televisheni leo husimulia kwa mdomo lile ambalo uso ungalitosha kulieleza.

Kwa hiyo, ewe msomaji, usiulize picha ina umri gani. Izime sauti yake kwa dakika tano. Ikiwa bado wamjua mwenye furaha na mwenye majonzi, na bado wataka kujua yatakayowapata, umeona kazi njema, iwe ya babu yako au ya rika lako.