Sura ya Marehemu Katika Reale ya Sham

Bibi mmoja wa Utete alifungua pindo la kanga yake, akanitia kiganjani sarafu, reale ya Sham, akasema, "Mjukuu wangu, hesabu lulu kwanza, ndipo useme kama ni fedha." Nikahesabu lulu za bizimu lililo begani mwa Malkia Maria Theresa wa Austria, zikatimia tisa.

Malkia huyo aliendelea kupigwa chapa hata baada ya kufariki, lakini kumpiga chapa marehemu katika sarafu si jambo geni. Faustina, mkewe Kaisari Antoninus Pius, alifariki mnamo mwaka 140, na kwa miaka mingi baadaye Roma iliendelea kutoa dhahabu yenye sura yake, mara misuko ikiwa imezungushwa utosini, mara kichwa kikiwa kimefunikwa utaji. Lakini kila malkia wa Kirumi aliyefuata alikuja na msuko wake, na sarafu ikageuka pamoja naye.

Maria Theresa, aliyekuwa mjane tangu mwaka 1765 na ndiyo sababu ya utaji wake, alifariki mwaka 1780, na tarehe hiyo katika sarafu yake haikubadilishwa tena, hata zilipopigwa London na Roma katika miaka ya 1930. Maana wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa pwani yetu waliikataa reale yoyote iliyopungukiwa alama waliyoizoea.

Na alama hizo ziliwekwa kwa hekima. Nakshi huchongwa kwa kuzama, kinyumenyume, katika muhuri wa chuma, ndipo fedha inapogongwa ikainuka kali hata katika vitone vya lulu. Bali mwenye kughushi, amiminaye madini katika kalibu, hupata lulu zilizofifia na kushikamana. Ukingoni nako mna maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, ambayo hayawezi kukwanguliwa pasipo kuonekana, na hivyo gramu zake 28 husalimika.

Wazee wetu hawakuhitaji Kilatini ili kuzitambua, kwani walizisoma sarafu kwa picha: ile ya Kihispania waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zake mbili waliziona kama mizinga.

Pua ya Malkia ilikuwa imelika, na shavu limelainika kwa mikono ya watu wengi. Bibi akaitwaa reale yake, akapitisha ukucha ukingoni, herufi baada ya herufi asizozijua, mpaka aliporejea alipoanzia. Kisha akaifunga pindoni.